Limonchelo: Kinywaji cha Maganda ya Malimau, na Jinsi ya Kukitengeneza Nyumbani Bila Hatari

Ninyi baba na mama mkaao Nzilo, na katika vijiji vya kando ya Lualaba, na kando ya njia ziendazo Kolwezi, kitabu hiki kidogo chanena habari za tunda mnalolijua sana, yaani limau. Wengi wenu mna mlimau mmoja au miwili nyuma ya nyumba. Mwakamua maji ya malimau juu ya samaki, mwayatia katika chai mkishikwa na mafua, na maganda mwayatupa jaani. Leo tutawaonyesha kwamba katika ganda mnalolitupa mna kitu chenye thamani. Watu wa Italia hulifanya ganda hilo kuwa kinywaji kizuri, nao hukiuza katika nchi nyingi za dunia.

Lakini kabla hamjaanza, sikilizeni neno moja. Kinywaji hiki chatengenezwa kwa vitu vinne tu: ganda la limau, pombe kali, sukari na maji. Kati ya hivyo vinne, viwili vyaweza kumdhuru mtu katika nchi yetu ya migodi. Cha kwanza ni ganda lenye vumbi. Cha pili ni pombe isiyojulikana ilikotoka. Basi msisome habari za vipimo peke yake. Someni na habari za hatari, maana kazi ya siku thelathini yaweza kuharibika kwa chupa moja mbaya, na mtu aweza kupofuka.

1. LIMONCHELO NI NINI?

Katika Italia ya kusini, karibu na mji wa Napoli na mlima wa moto uitwao Vesuvio, kuna pwani yenye milima mikali. Hapo ndipo miji ya Sorrento na Amalfi ilipo, na mbele yao baharini kuna kisiwa cha Capri. Wakulima wa huko hawana mashamba ya tambarare. Wamejenga kuta za mawe juu ya milima, wakafanya ngazi za udongo, na katika ngazi hizo wamepanda milimau. Juu ya miti huweka fito ndefu za miti, na zamani walitandika mikeka ya majani juu ya fito, ili baridi na upepo visiharibu matunda. Siku hizi wengi hutumia nyavu.

Kinywaji chao huitwa limoncello, nasi tutakiita limonchelo. Watu wa Sorrento husema, kilianza kwetu. Watu wa Amalfi husema, kilianza kwetu. Watu wa Capri nao husema vivyo hivyo. Mwaka 1988 mtu wa Capri, jina lake Massimo Canale, aliandikisha jina la kinywaji chake kuwa alama ya biashara, na tangu miaka hiyo kikaenea katika maduka ya nchi nyingine. Kabla ya hapo kilikuwa kinywaji cha nyumbani, mama wa nyumba akikitengeneza mwenyewe na kuwapa wageni kidogo baada ya chakula.

Angalieni jambo hili. Wakulima wale walilinda jina la tunda lao. Mwaka 2000 malimau ya Sorrento yalipewa ulinzi wa sheria katika nchi za Ulaya, na mwaka 2001 yale ya Amalfi. Maana yake, mtu wa mahali pengine hawezi kuuza malimau yake kwa jina la Sorrento. Kwa nini walijisumbua hivyo? Kwa sababu walijua kwamba uzuri wa kinywaji watoka katika ganda, na ganda zuri latoka katika mti uliotunzwa.

2. NGUVU YA HARUFU IMO KATIKA GANDA

Chukueni limau moja, mlikate katikati, mkalitazame. Mtaona sehemu tatu. Nje kuna ngozi nyembamba ya njano. Chini yake kuna ngozi nyeupe kama pamba. Ndani kuna nyama yenye maji makali.

Ngozi ya njano ina vifuko vidogo sana vilivyojaa mafuta. Ukikunja kipande cha ganda karibu na moto wa mshumaa, mafuta hayo hurukia moto na kuwaka kwa cheche. Mafuta hayo ndiyo harufu ya limau.

Ngozi nyeupe haina harufu nzuri. Ina uchungu. Ikiingia katika kinywaji, kinywaji kinakuwa kichungu, wala sukari haiwezi kuuficha uchungu huo.

Maji ya ndani yana ukali, lakini hayatumiki katika limonchelo. Tutayafanyia kazi nyingine, kama mtakavyoona mbele.

Mtu atauliza: Kwa nini tusichemshe maganda katika maji tu? Jibu ni hili: Mafuta hayachanganyiki na maji. Ninyi mwajua, ukimwaga mafuta ya mawese katika maji, huelea juu. Lakini pombe kali hushika mafuta ya ganda na kuyavuta yatoke. Kwa hiyo maganda hulowekwa katika pombe siku nyingi, mpaka mafuta yote yametoka, na maganda yamegeuka rangi na kuwa makavu kama karatasi.

3. KUCHAGUA MALIMAU, NA HABARI ZA VUMBI

Limau lifaalo ni lile lenye ganda la njano, nene, lenye harufu kali ukilikwaruza kwa ukucha. Lisiwe limeoza, wala lisiwe laini. Ndimu ndogo za kijani zenye ganda jembamba nazo zaweza kutumika, lakini ni kazi ngumu kuzimenya, na ladha yake ni nyingine. Msiloweke ganda la tunda lililopigwa dawa ya wadudu siku za karibu. Malimau yatokayo mbali na kuuzwa katika maduka makubwa mara nyingi hupakwa nta na dawa ya kuzuia kuoza. Limau la mti wako mwenyewe ni bora kuliko hayo, ukijua halikupigwa dawa.

Sasa habari za vumbi. Ninyi mwaishi katika nchi ya shaba na kobalti. Malori ya mawe hupita mchana na usiku, na wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 10, vumbi hufunika majani ya miti kando ya njia. Vumbi hilo si udongo mtupu. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, waligundua madini chini ya nyumba zao, wakachimba mashimo katikati ya mtaa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakaja kupima. Mwaka 2018 walitangaza waliyoyaona: katika vumbi la nyumba za Kasulo mlikuwa na kobalti nyingi, na katika mikojo na damu ya watu wa mtaa huo pia, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa.

Kwa nini tunawaambia haya katika habari za malimau? Kwa sababu katika kazi nyingine mwatupa ganda na kula ndani, lakini katika kazi hii mwatupa ndani na kutumia ganda. Vumbi lililo juu ya ganda litaingia katika pombe pamoja na ganda. Basi fanyeni hivi:

Kwanza, msichume malimau ya mti ulio kando ya njia ya malori, wala karibu na shimo la mgodi, wala karibu na mahali pa kuoshea madini. Chumeni ya mti ulio mbali, nyuma ya nyumba au shambani.

Pili, ikiwezekana chumeni wakati wa masika, baada ya mvua kubwa kuosha miti.

Tatu, osheni kila limau kwa maji ya vuguvugu na brashi ngumu, kisha suuzeni kwa maji mengine, mara mbili. Maji yawe ya kisima kizuri au ya bomba. Msioshe katika mto unaopokea maji machafu ya viwanda au ya kuoshea madini. Hapo mwaongeza uchafu, hamwondoi.

Nne, yafuteni kwa kitambaa safi, mkayaache yakauke kabisa.

4. POMBE YA KULOWEKEA: HAPA ANGALIENI SANA

Waitalia hutumia alkoholi safi ya chakula, yenye nguvu 95 au 96 kwa 100, nayo huuzwa katika maduka yao kama sukari inavyouzwa kwetu. Huku kwetu alkoholi ya namna hiyo ni vigumu kuipata. Basi mtatumia pombe kali nyeupe isiyo na ladha, kama vodka, yenye nguvu 40 kwa 100, katika chupa iliyofungwa kiwandani na yenye maandishi. Nguvu huandikwa katika karatasi ya chupa. Itazameni kabla ya kununua, na mwangalie kwamba kizibo hakijafunguliwa.

Sasa wengi watasema: Kwa nini ninunue pombe ya dukani, na lutuku ipo kijijini, na bei yake ni ndogo? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo, lakini lisomeni lote.

Lutuku hutengenezwa kwa mahindi na mihogo iliyochachuka, kisha huchemshwa, na mvuke wake hupozwa mpaka uwe maji. Zamani za Wabelgiji kazi hiyo ilikatazwa, watu wakaifanya kwa siri porini. Kazi ya siri hufanywa kwa vyombo vinavyopatikana: mapipa ya zamani, mabomba ya shaba, na mahali pengine hata rejeta za magari. Rejeta za zamani ziliungwa kwa risasi. Mvuke wa pombe ukipita humo huchukua risasi kidogo kidogo, na risasi hiyo hukaa katika mwili wa mtu, ikiharibu damu, figo na akili.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Kuna alkoholi nyingine iitwayo methanoli. Nayo ni nyeupe kama ile ya kunywa, na harufu yake yafanana nayo. Hutumika katika viwanda, na katika spiriti za namna nyingine za kuwashia na kusafishia. Mahindi yaliyochachuka hutoa methanoli kidogo tu. Vifo vingi hutokea pale muuzaji mbaya anapoongeza methanoli ya kiwanda katika pombe yake ili iwe na nguvu na apate faida nyingi. Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi kali, na asidi hiyo huharibu mishipa ya macho. Kijiko kimoja au viwili vyaweza kumpofusha mtu. Mililita 30, yaani kama kikombe kidogo cha kahawa kisichojaa, zaweza kumwua.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Italia yenyewe, nchi ya limonchelo, mwaka 1986 wauza mvinyo wengine walitia methanoli katika mvinyo, wakafa watu wapatao 20, na wengine wakapofuka. Nairobi, katika nchi ya Kenya, mwezi wa 11 mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya mtaani yenye methanoli. Kabale, katika nchi ya Uganda, mwezi wa 4 mwaka 2010, waragi yenye methanoli iliwaua watu wapatao 80. Wengi wao walikunywa pombe waliyoizoea.

Watu wana mafundisho mengi yasiyo ya kweli katika jambo hili. Tuyatazame moja moja.

Wengine husema: Nitaiwasha pombe, moto ukiwa wa buluu ni nzuri. Sivyo. Moto hauwezi kuwaonyesha methanoli kidogo iliyochanganywa na pombe ya kunywa.

Wengine husema: Nitaionja kwanza. Sivyo. Ulimi hauwezi kuitambua.

Wengine husema: Aliyeipika alimwaga maji ya kwanza, basi imekuwa safi. Sivyo. Kumwaga maji ya kwanza hakuondoi methanoli yote, na hakusaidii hata kidogo ikiwa mtu ameiongeza baadaye.

Wengine husema: Limau husafisha sumu. Hili ndilo baya kuliko yote. Limau haliondoi methanoli wala risasi. Tena harufu nzuri ya limau na utamu wa sukari huficha harufu ya pombe mbaya, na mtu hunywa zaidi kuliko ambavyo angekunywa. Basi limonchelo ya pombe mbaya yaweza kudhuru kuliko pombe mbaya yenyewe.

Kwa hiyo msitumie lutuku. Msitumie spiriti ya taa, wala alkoholi ya kupaka vidonda, hata kama imeandikwa nguvu 90. Hiyo ya vidonda mara nyingi hutiwa dawa ili watu wasiinywe. Msinunue pombe inayopimwa kwa kikombe kutoka galoni. Kama hamwezi kupata chupa iliyofungwa, acheni limonchelo, mkatengeneze sharubati tutakayowaonyesha katika sehemu ya 7. Hamtapotewa na kitu.

Mtu akinywa pombe yoyote, kisha baada ya saa nyingi, hata siku ya pili, aumwe kichwa sana, atapike, apumue mbio, au aone kama ukungu mbele ya macho, msimwache alale eti ulevi utaisha. Mpelekeni hospitali saa ile ile, mkachukue na chupa aliyoinywea. Waganga wa hospitali wana dawa ya kuzuia sumu isiendelee, lakini lazima wampate mapema.

5. VYOMBO

Tumieni chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kizibo kinachobana. Msitumie galoni lililobeba petroli, au mafuta ya gari, au asidi ya viwandani. Harufu yaweza kuisha na sumu ikabaki. Tena pombe kali huvuta vitu vilivyo ndani ya plastiki, kama inavyovuta mafuta ya ganda.

Kwa maji ya malimau msitumie chombo cha shaba wala ndoo ya bati. Ukali wa limau hula shaba na hula ile zinki iliyopakwa juu ya bati, na vyote viwili huingia katika kinywaji na kuleta kutapika. Vyombo vya kioo, vya enameli isiyobanduka, na sufuria zisizoshika kutu ndivyo vifaavyo.

Chemsheni chupa na vizibo kabla ya kuvitumia. Nchi ya Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo maji huchemka hapa kabla ya kufika digrii 100, yapata digrii 95. Basi acheni maji yachemke dakika kumi na tano, msiharakishe. Kisha zipindueni chupa juu ya kitambaa safi zikauke.

6. KAZI YENYEWE

Vitu vinavyotakiwa:

Pombe kali nyeupe ya nguvu 40, chupa moja ya sentilita 75.
Malimau makubwa 6, au 8 yakiwa madogo.
Sukari gramu 300, yaani glasi mbili za kawaida zisizojaa.
Maji safi sentilita 30, yaani glasi moja na nusu.

Siku ya kwanza. Menyeni malimau kwa kisu kikali, mkitoa ngozi ya njano peke yake, vipande vyembamba. Mkiona nyeupe imeshikamana na ganda, lazeni kipande juu ya ubao, mkaikwangue kwa kisu. Kazi hii yataka subira. Mtoto mwenye mikono myepesi aweza kusaidia kuosha, lakini kumenya na kushika pombe ni kazi ya mtu mzima.

Tieni maganda katika chupa, mkamwage pombe juu yake mpaka yafunikwe yote. Ganda linaloelea juu ya pombe laweza kuharibika. Fungeni vizuri. Andikeni tarehe juu ya karatasi, mkaibandike.

Angalieni: kazi ya pombe kali isifanywe karibu na makaa, wala taa ya moto, wala mtu anayevuta tumbako. Mvuke wake hushika moto upesi.

Siku zinazofuata. Wekeni chupa mahali pa giza, pasipo joto, kama chini ya kitanda au katika sanduku. Itikiseni mara moja kila siku. Waitalia wenye alkoholi ya nguvu 95 hungoja kama juma moja au mawili. Ninyi wenye nguvu 40 ngojeni majuma matatu au manne, maana pombe hafifu huvuta mafuta polepole. Mtaona pombe inageuka njano, na maganda yanapauka. Ganda likivunjika kama karatasi mkilikunja, kazi imekwisha.

Kufanya shira. Tieni sukari na maji katika sufuria, mkaipashe moto na kukoroga mpaka sukari iyeyuke yote. Ikichemka kidogo, iondoeni motoni. Sasa iacheni ipoe kabisa. Msimwage shira ya moto katika pombe, maana mvuke wa pombe utapanda na waweza kushika moto, na harufu ya limau itapotea hewani.

Kuchanganya. Chujeni pombe kwa kitambaa safi kilichochemshwa, mkayatupe maganda. Mwageni shira iliyopoa ndani ya pombe, mkakoroge taratibu. Huenda kinywaji kikageuka kuwa na ukungu kama maji ya wali. Msiogope, hakijaharibika. Maji yakiongezeka, pombe haiwezi tena kushika mafuta yote, nayo hutoka katika matone madogo sana yasiyoonekana moja moja. Kwa Waitalia ukungu huo ni alama ya mafuta mengi.

Tieni katika chupa, fungeni, mkangoje majuma mawili tena, ili ukali upungue.

Hesabu ya nguvu ni hii. Katika sentilita 75 za nguvu 40 mna sentilita 30 za alkoholi. Ukiongeza maji na sukari, vyote pamoja vyapata sentilita 124. Basi nguvu ya limonchelo yenu ni kama 24 kwa 100. Msiongeze maji zaidi ili kupata chupa nyingi. Pombe ikipungua sana, kinywaji hakitakaa, kitachachuka. Na mwenye alkoholi ya chakula ya nguvu 95 achukue lita 1, malimau 10 au 12, sukari kilo 1 na maji lita 1 na nusu. Atapata kama lita 3 za nguvu 30 kwa 100.

7. MAJI YA MALIMAU YASITUPWE

Limau lililomenywa hukauka upesi. Basi siku ile ile ya kumenya, kamueni maji yake, mkatengeneze sharubati. Sharubati hii haina pombe, na mtoto na mgonjwa na mama mjamzito waweza kuinywa.

Chemsheni sukari kilo 1 katika maji nusu lita, mkaiache ipoe. Kisha changanyeni na lita 1 ya maji ya malimau yaliyochujwa. Msichemshe maji ya malimau yenyewe. Ndani yake mna vitamini C, nayo huharibika kwa moto mwingi. Kwa kunywa, tieni vijiko vitatu katika glasi ya maji safi. Katika friji hukaa majuma mawili. Pasipo friji, tengenezeni kidogo, mkainywe kwa siku chache. Ikitoa povu au harufu ya chachu, itupeni.

Zamani mabaharia walikufa wengi kwa ugonjwa wa fizi kutoka damu na vidonda visivyopona. Mwaka 1747 mganga wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwapa wagonjwa wawili machungwa na malimau, na wengine akawapa dawa nyingine. Wale wawili walipona upesi kuliko wote. Hiyo ndiyo faida ya maji ya limau. Lakini limonchelo haina faida hiyo, kwa kuwa hutengenezwa bila maji ya ndani. Mtu asimdanganye mwenziwe kwamba ni dawa. Tena maji ya limau hayatoshi kusafisha maji ya kunywa yenye kipindupindu. Hayo yachemsheni au yatieni dawa ya maji.

8. KUNYWA, KUTUNZA NA KUUZA

Limonchelo hunywewa baridi, katika kikombe kidogo, baada ya chakula. Si kinywaji cha kujaza glasi kama bia. Bia nyingi zina nguvu kama 5 kwa 100, na hii ina 24. Utamu wake humdanganya mtu. Asiinywe mtoto, wala mama mjamzito, wala mtu anayekwenda kazini. Ninyi mnaoshuka katika mashimo, na ninyi mnaoendesha malori na pikipiki, mwajua kwamba kosa dogo huko ni mauti.

Wekeni chupa gizani. Mwanga hupunguza rangi na harufu. Asiye na friji aweza kuiweka chupa ndani ya mtungi wa maji.

Mtu akitaka kuuza, kwanza aende ofisi ya serikali ya mahali pake aulize habari za ruhusa na kodi ya pombe. Kisha aandike katika kila chupa tarehe, nguvu ya kinywaji, na vitu vilivyomo. Na ahesabu gharama yote kabla ya kutaja bei: pombe, sukari, malimau, makaa, chupa tupu, na siku zake za kazi. Wengi husahau makaa na siku zao, wakaona faida mahali pasipo na faida. Mwenye kuona pombe ya dukani ni ghali sana, na auze sharubati na malimau yenyewe.

9. MLIMAU WA NYUMBANI

Aliye na mti mmoja mzuri hatanunua malimau. Mti uliotoka katika mbegu huchukua miaka mingi kuzaa. Ule uliobebeshwa kwa fundi huzaa mapema. Nafasi kati ya mti na mti iwe mita 5 au 6. Chimbeni shimo kabla ya mvua, mkachanganye udongo wa juu na samadi iliyooza, na mpande mvua zikishika, mwezi wa 11 au wa 12. Wakati wa kiangazi mwagilieni, na mtandike majani makavu chini ya mti ili udongo usikauke, lakini yasiguse shina. Katateni matawi yaliyokufa. Tena, kama ardhi ya nyumba yenu ina mawe ya mgodi yaliyomwagwa, msipande hapo. Tafuteni udongo ambao haujachimbwa.

10. KUMBUKENI

Malimau ya mti ulio mbali na vumbi, yaoshwe kwa brashi na maji safi.
Ngozi ya njano peke yake, nyeupe itupwe.
Pombe ya chupa iliyofungwa kiwandani. Si lutuku, si spiriti, si ya galoni.
Chombo cha kioo. Si shaba, si bati, si galoni la zamani.
Shira ipoe kabisa kabla ya kuchanganya, na moto uwe mbali.
Pasipo pombe salama, tengenezeni sharubati.
Mwenye kuona ukungu machoni baada ya kunywa apelekwe hospitali saa ile ile.

Msomaji ukiisha kusoma, msomee na jirani yako asiyejua kusoma, hasa sehemu ya 4. Vipimo aweza kuvijifunza siku nyingine.